Daktari Firigisi na Kisu cha Mama Arvind

Katika miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ukifika Mtaa wa Sikukuu ukauliza nyumba ya Sadalla, ungeulizwa kwanza Sadalla yupi. Ukijibu yule mwenye mkoba, anayetibu kuku, basi watu wangecheka na kukuonyesha kwa kidevu. "Ala, Daktari Firigisi. Nyumba ile pale yenye mlango wa kijani."

Jina hilo hakujibatiza. Alibatizwa na mtaa, na mtaa ukishakupa jina hakuna mahakama ya kukata rufaa. Kila mla kuku anajua kwamba firigisi haigawanywi ovyo. Paja atapewa mgeni, shingo ataimaliza mpishi hukohuko jikoni, lakini firigisi ni ya bwana mkubwa wa nyumba, na kama hayupo itafunikwa kwenye kibakuli mpaka arudi. Sasa huyu Sadalla, ambaye hakuwa bwana mkubwa hata nyumbani kwake, alikuwa amekula firigisi nyingi kuliko wenye nyumba wote wa Kariakoo. Na kila firigisi aliyokula ilitoka kwa mgonjwa wake mwenyewe.

Nieleze vizuri, isije ikaonekana tunamsengenya mtu wa watu.

Sadalla alikuwa na kazi ya maana zamani. Alikuwa kwenye shamba la kuku la shirika, kule nje ya mji, akimfuata bwana mifugo na ndoo ya dawa kutoka banda hadi banda. Alijua kumshika kuku bila kumvunja bawa, kumfungua mdomo kwa kidole kimoja, kumdondoshea tone la chanjo kwenye jicho na kungoja apepese. Kisha ukaja wakati wa mashirika kufungwa. Watu walipewa mkono wa kwaheri, mabanda yakabaki na panya, na Sadalla akarudi mjini na mkoba wa ngozi aliouachiwa na bwana mifugo wake. Wenzake waliopunguzwa kazi walifungua genge, wengine wakauza maji ya baridi. Yeye alitazama nyua za Kariakoo, akaona kila ua una kuku, akasema riziki yake imo humo.

Na kweli kuku walikuwepo. Nyumba za Kariakoo wakati huo nyingi bado zilikuwa zile za chini, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wa wapangaji wote. Humo uani utamkuta kuchi mrefu kama askari wa zamu, kishingo asiye na manyoya shingoni, kidimu wa manyoya yaliyosimama. Waliokota makombo chini ya mbuzi za nazi, wakalala kwenye matenga ya nyanya, wakaugua pamoja. Dawa nazo zilikuwa zimeanza kupatikana madukani bila kibali cha mtu. Zamani ungeandika barua kwa afisa wa mifugo ungoje, sasa ungevuka barabara tu.

Wenye kuku walikuwa na dawa zao pia. Mmoja angemnywesha kuku mafuta ya taa, mwingine angempa pilipili kichaa amtoe machozi, mwingine angemfungulia vidonge vya rangi mbili vilivyobaki mtoto alipougua. Sadalla hakuwacheka. Aliwaambia lipi linafaa na lipi litamuua. Mwarobaini aliuruhusu, majivu ya kuoga viroboto aliyasifia, mafuta ya taa aliyakataza. Mdondo ukishaingia uani hauna dawa, na hilo hakumficha mtu. Dawa yake ni chanjo kabla haujaja. Lakini mafua, mharo mwekundu, minyoo na ndui, hayo aliyaweza. Aliyaweza kabisa, kama angepewa nafasi.

Nafasi ndiyo iliyokuwa shida. Kariakoo kuku akianza kusinzia mchana, watu hawasemi anaumwa. Wanasema, "Mwahi kisu." Kwa sababu kuku akifa mwenyewe ni kibudu, na kibudu hakiliwi, na hakuna mwenye akili anayetaka kumzika mchuzi wake. Kwa hiyo Sadalla angekuja asubuhi, akamtazama mgonjwa, akakoroga unga wake wa dawa, wa rangi ya manjano, kwenye maji, akaeleza kwamba dawa inataka siku kadhaa. Mwenye kuku angeitikia vizuri kabisa. Jioni angetumiwa mtu aje upesi, mgonjwa kazidiwa. Angefika mbio na mkoba, akakuta sufuria la maji liko jikoni linachemka, na kisu kimeshanolewa.

"Kazidiwa, Daktari. Chinja wewe, wanaume wengine hawajarudi."

Hapo ndipo ulipokuwa uchungu wenyewe. Sadalla alikuwa Mwislamu, mtu mzima, mwenye mkono mwepesi, na mara nyingi alikuwa mwanamume pekee uani saa ile. Alikuja daktari, akaondoka mchinjaji, na kwa heshima ya kazi yake akafungiwa firigisi kwenye karatasi. Tena alikuwa akiwaonya kwamba nyama iliyotiwa dawa haifai kuliwa kabla dawa haijatoka mwilini. Walimjibu kwamba moto wa mkaa unatoa kila kitu.

Sofia mkewe alikuwa hamwulizi tena kazi imekwendaje. Aliiona karatasi yenye mafuta, akajua.

"Nani huyo leo?" angeuliza.

"Kishingo wa Josepha."

"Mungu amrehemu. Nimkaange au nimchemshe?"

Alikuwa mwanamke mcheshi, Sofia, na alimpenda mumewe bila kificho. Lakini naye alimwita Daktari Firigisi kama walivyomwita wote. Sadalla alicheka mbele yake, kisha akakaa kizingitini akapangapanga chupa zake ndani ya mkoba, na roho ilimuuma. Hakuumia kwa jina. Aliumia kwa sababu hata yeye alikuwa hajui tena kama dawa zake zinaponya. Tangu aondoke shambani hakuwahi kumwona kuku hata mmoja akimaliza dozi.

Wa kulisema hilo hadharani alikuwa Abbasi, kaka yake Sofia. Abbasi aliuza viatu vya mitumba Mchikichini, na biashara ilikuwa imemkubali mpaka alianza kutembea ametanguliza tumbo. Alikuja kuwatembelea siku ya kuamkia mwezi wa Ramadhani, akakaa kwenye mkeka, akamtazama shemeji yake.

"Shemeji, mimi nakupenda, kwa hiyo nitakwambia. Watu wanakucheka mpaka Mchikichini. Jana mteja kaniuliza kama ni kweli dada yangu kaolewa na daktari anayekula wagonjwa."

"Kuna watu wana maneno," Sadalla alisema.

"Maneno yana ukweli. Nionyeshe kuku mmoja uliyemponya. Mmoja tu, mzima, anatembea. Mpaka Idd. Ukimpata, mimi mwenyewe nitakuita daktari mbele za watu. Ukimkosa, ule mkoba unauweka uvunguni, unakuja kwangu kupanga viatu."

Sadalla alimtazama Sofia. Sofia aliangalia chini, akachezea ukindu wa mkeka, na ukimya wake ulimwonyesha mumewe kwamba naye amechoka kuchekwa. Hilo lilimwingia kuliko maneno yote ya Abbasi.

"Mpaka Idd," alisema. "Sawa."

Mwezi ukaandama, na kama alidhani funga itawapa kuku nafuu, alijidanganya. Ramadhani watu wanataka mchuzi wa kufuturu. Kuku akipiga chafya moja tu saa tisa alasiri, hafiki magharibi. Josepha, mpangaji mwenzao aliyekaanga vitumbua barazani, hakuwa akifunga kwa kuwa ni Mkristo, lakini naye alimwita Sadalla amchinjie mtetea wake ili nyumba nzima iweze kula. Yule mtetea hakuwa hata mgonjwa. Alikuwa anaatamia.

"Alikuwa amelala muda mrefu sana," Josepha alijitetea. "Nikaona nimuwahi."

Ndiyo hali aliyokuwa nayo Sadalla siku aliyokwenda kununua unga wa manjano dukani kwa Arvind.

Arvind alikuwa Mhindi wa palepale Kariakoo, aliyezaliwa ghorofani juu ya duka hilo. Baba yake aliuza ndoo na taa za chemli. Biashara ilipofunguliwa, Arvind aliongeza kila kilichoweza kuingia bandarini, na pembeni akaweka kabati la dawa za mifugo. Mwenyewe hajawahi kula kuku, wala yai, wala mama yake, wala bibi yake. Waliouza na kununua walilicheka jambo hilo, naye alilicheka pamoja nao.

"Sadalla, nilikuwa nikutafute," Arvind alisema mara alipomwona. "Panda juu. Mama ana mgonjwa."

"Mama ana mgonjwa? Si mumwite daktari wa watu?"

"Ni kuku, bwana. Panda."

Habari ya huyo kuku ilikuwa hivi. Tarsis, Mchaga mwenye duka la jumla upande wa pili wa barabara, alianza biashara kwenye baraza ya Arvind, na meza yake ya kwanza aliazimwa na Mama Arvind. Krismasi alikwenda kwao Kilimanjaro kama Wachaga wote, na aliporudi alileta jogoo mkubwa mwekundu, mkia mweusi, awe shukrani kwa mama yule. Alimpandisha ngazi kwa mikono miwili. Katika furaha yake alisahau kwamba nyumba ile haili nyama. Mama Arvind, ambaye jina lake ni Ila ingawa ni wachache waliolijua, hakutaka kumvunja moyo. Alimpokea kwa mikono miwili vilevile, akashukuru, akamfunga jogoo kwenye ukuta wa dari la nyuma, pale wanapoanika nguo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu kamba yake ilikuwa utepe wa hariri uliokatwa kwenye sari kuukuu. Akampa na jina. Kwa kuwa alitoka Moshi, alimwita Moshi.

Tangu siku hiyo Moshi aliishi maisha ambayo hakuna jogoo mwingine Kariakoo aliyewahi kuyaota. Hakuwahi kutazamwa kwa jicho la sufuria.

"Shikamoo, mama," Sadalla alisema alipofika juu.

"Marahaba, mwanangu. Tazama huyu. Juzi kakataa dengu, jana kakataa mchele. Leo hajawika."

Sadalla alichuchumaa. Uso wa Moshi ulikuwa umevimba upande mmoja, macho yamegandamana, puani kamasi nzito yenye harufu mbaya, na kila akivuta pumzi kifua kilikoroma. Ilikuwa mafua ya kuku, yale makali. Si mdondo. Moyo wa Sadalla uliruka kwa furaha, kisha akakumbuka kwamba amefika nyumba isiyokula kuku, ukaruka tena. Alitazama huku na huku pale juu. Palikuwa na kamba za nguo, mitungi ya achari juani, mkungu wa ndizi. Hapakuwa na jiko la mkaa wala karai la manyoya.

"Mama," aliuliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu, "akizidiwa, mtamfanyaje?"

Mama Arvind hakulielewa swali. "Si ndiyo maana nimekuita wewe?"

Sadalla alitaka kumbusu mikono. Alifungua mkoba, akaomba maji ya vuguvugu na chumvi, akamsafisha Moshi macho na pamba mpaka kope zikaachana. Akakoroga unga wa manjano kwenye bakuli, akamnywesha kidogokidogo kwa kijiko, akamtenga kwenye boksi la sabuni lenye magunia, upepo usimpige. Alieleza dozi. Mama Arvind alisikiliza kila neno, akayarudia yote bila kukosea, na Sadalla akashuka ngazi akiwa mwepesi ingawa alikuwa na swaumu.

Alirudi jioni, kabla ya futari. Alirudi asubuhi iliyofuata, na jioni yake. Kila akipanda ngazi zile alitarajia kusikia harufu ya manyoya yaliyochovywa maji moto, na kila alipofika juu alikuta harufu ya binzari na Moshi ndani ya boksi lake, mgonjwa lakini yupo.

Tarsis aliposikia, naye alipanda kumjulia hali jogoo wake. Alimtazama kwa dakika moja tu.

"Aisee, mama, huyu kwisha. Mwahi kisu. Mimi nitakuletea mwingine, mkubwa kuliko huyu."

"Hapa hakuna kisu cha kuku," Mama Arvind alisema. "Na huyo mkubwa usimlete."

Uso wa Tarsis ukabadilika, na ndipo, mwezi wa pili tangu alete zawadi, alipokumbuka.

"Mama, nyie hamli nyama."

"Hatuli, mwanangu."

"Na hukuniambia?"

"Ulimbeba vizuri sana," alisema Mama Arvind, na Tarsis akaziba uso kwa mikono akacheka mpaka akalazimika kukaa kwenye ndoo.

Tatizo lilikuja mahali ambapo Sadalla hakulitarajia. Hakuwahi kufika mbali kiasi hicho na mgonjwa. Huko nyuma mambo yalikuwa yanakatika mapema, kwa maana zote mbili za neno hilo, na alikuwa amesahau kwamba kuku mwenye mafua hutangulia kuzidiwa ndipo apate nafuu. Basi alasiri moja alipanda akamkuta Moshi amelala ubavu, miguu imenyooka, mdomo wazi, upanga wa kichwani umekuwa wa zambarau. Alimgusa, hakufumbua jicho. Mama Arvind alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika ukingo wa sari mdomoni.

Sadalla aliwaza kibudu. Aliwaza Idd iliyokuwa inakaribia, na Abbasi, na viatu vya miguu ya watu asiowajua. Na kabla hajajua anasema nini, mdomo wake ulitamka maneno uliyoyazoea miaka yote ile.

"Mama, naomba kisu."

Mama Arvind aliondoka haraka. Sadalla alimsikia jikoni akifungua droo. Alipiga magoti pale mbele ya boksi akaanza kutafuta kibla kwa macho, na machozi yalimjaa, kwa kuwa alijua sasa si kosa la wenye kuku peke yao. Kisu kilikuwa kimeingia hata ndani yake yeye daktari.

Mama Arvind alirudi. Alimwekea mbele ubao wa kukatia mboga. Juu ya ubao kulikuwa na tangawizi, kipande cha binzari mbichi kilichooshwa vizuri, na kisu kidogo cha mpini wa mti, kimeisha kwa kunolewa, kisichozidi kidole.

"Nilikuwa najiuliza utaomba lini," alisema. "Mama yangu hakuweza kutibu kifua bila tangawizi. Nikatie nyembamba au niponde?"

Sadalla alikitazama kile kisu. Alimtazama mama yule, ambaye maishani mwake mwote kisu kilikuwa kitu cha kukatia mboga na hakimpi wazo jingine. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto, kisha kicheko kikamshika, kicheko na machozi pamoja, mpaka Mama Arvind akamuuliza kama funga imemzidi.

"Hapana, mama," alisema akijifuta. "Ponda. Ponda tu."

Wakaiponda. Kama tangawizi ilisaidia sijui, na Sadalla mwenyewe ukimuuliza atakwambia kazi ilifanywa na ule unga wake wa dawa. Lakini kupondaponda kuliwapa kitu cha kufanya wakati dawa inafanya chake. Walimsafisha Moshi tena kamasi, wakamkalisha wima kati ya magunia, wakampa maji tone kwa tone. Adhana ya magharibi ilipotoka Sadalla alifuturu palepale kwa tende na maji aliyopewa na Mama Arvind, mkono mmoja ukiwa kwenye kifua cha jogoo. Alipoondoka, kile kifua kilikuwa kinakoroma bado, na aliona kukoroma huko ni habari njema.

Asubuhi yake alipita dukani, Arvind alikuwa anafungua milango. Kabla hawajasalimiana, kutoka juu ikasikika sauti. Ilikuwa mbovu, imekwaruza, imekatika katikati kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kisha ikajaribu tena, ikafika mwisho.

Arvind aliinua kidole. "Huyo nani?"

Sadalla alipanda zile ngazi kwa kuruka, na juu alimkuta Moshi amesimama ukingoni mwa boksi, amekonda, uso bado umevimba kidogo, anamtazama kwa jicho moja kana kwamba anamdai maelezo. Mbele yake dengu zimetawanyika. Alizidonoa, moja, nyingine, akajikung'uta. Sadalla alikaa chini akamwangalia kuku akila kama watu wengine wanavyoangalia mpira. Zilikuwa zinaponya. Dawa zake, siku zote hizo, zilikuwa zinaponya.

Siku ya Idd mosi, baada ya sala, alimuazima Moshi, ambaye sasa alikuwa amemaliza dozi na kurudisha mwili. Mama Arvind alimpa pamoja na sahani ya vitamu vya ladu kwa ajili ya Sofia, akamfunga jogoo utepe mpya, na akamwambia kabla ya jua kuzama awe amerudi, kwa kuwa jioni huwa anapewa mchele. Sadalla alivaa kanzu yake nyeupe, mkoba begani, Moshi kwapani, akakata mitaa. Kila hatua mtu alimsimamisha. Mmoja aliuliza anauza bei gani. Mwingine alimpongeza kwa pilau ya leo. Muuza vitambaa mmoja aliapa hajawahi kuona kuku wa Idd aliyevaa hariri.

Nyumbani ua ulikuwa umejaa. Sufuria ya pilau ya nyama ilikuwa imepaliwa moto, Josepha anapepea mkaa, Sofia ameketi kwenye kigoda na kanga mpya anakatakata vitunguu vya kachumbari, na Abbasi amejinyoosha kwenye mkeka akingoja ushindi wake. Sadalla aliingia, akawatakia wote Idd njema, akamweka Moshi chini katikati ya ua.

Moshi alijikung'uta. Akatembea. Akawika, safari hii sauti kamili, mpaka kuku wa uani wakakimbilia ukutani.

"Huyu alikuwa na mafua, amelala ubavu, kichwa cha zambarau," Sadalla alisema. "Muulizeni Arvind, muulizeni Tarsis aliyetaka aletewe kisu. Amemaliza dozi yote. Shemeji, umesema mmoja, mzima, anatembea."

Abbasi aliinuka kwenye mkeka, akamzunguka jogoo, akachuchumaa, akampapasa kifua, akampima mapaja kwa vidole. Hakuwa mtu mbaya, Abbasi, na uso wake ulijaa furaha ya kweli.

"Wallahi kapona," alisema. "Daktari, mbele za watu hawa wote nakuita daktari. Tena kanona kuku mwenyewe. Lazima tumsherehekee." Akageuka. "Sofia, ongeza maji jikoni. Lete hicho kisu."

Na Sofia, kwa mazoea tu, masikini, alikifuta kisu kwenye kanga akamnyooshea mumewe.

Sadalla alikipokea. Alikitazama pande zote mbili, akafungua mkoba wake wa ngozi, akakitia ndani kati ya chupa na pamba, akafunga mkanda.

"Kisu hiki ninacho mimi," alisema. "Na kuanzia leo, dawa zangu ndivyo zinavyotolewa. Ukitaka nimtibu kuku wako, nakuachia dawa, naondoka na kisu chako. Akipona, nakurudishia."

Kilifuata kicheko ambacho, kwa miaka mingi, Mtaa wa Sikukuu haukuwahi kukisikia. Abbasi alicheka mpaka akarudi mkekani mwenyewe. Josepha aliuliza vitunguu vitakatwa na nini, na ikabidi nyanya zipasuliwe kwa mikono na vitunguu vipondwe kinuni, kachumbari ikatoka kama uji, na watu wakaila wakidai haijawahi kuwa tamu vile. Josepha huyohuyo ndiye aliyekuwa wa kwanza, wiki ile ile, kuja na kifaranga mwenye mharo mkono mmoja na kisu cha jikoni mkono wa pili, akavikabidhi bila kuambiwa. Baadaye mkoba wa Sadalla ulianza kulia kwa visu kila alipotembea, na watu walijua anapita kabla hawajamwona.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ya Idd, wageni walipokuwa wanakula, Sofia alipakua sahani ya mumewe mwenyewe, akaitia nyama nzuri, akaileta mpaka pale alipokaa akimlinda Moshi kwa mguu.

"Karibu chakula, Daktari," alisema.

Sadalla alishika sahani, akangoja ile nusu ya pili ya jina. Sofia alimtazama machoni, akatabasamu, akarudi kuwapakulia wageni.